Alichotaja Bi Mwanaisha

Naikumbuka siku moja, mwanangu, hapa hapa Kariakoo, soko likiwa bado jipya na Mwingereza akitutawala. Nilikuwa msichana aliyehitimu msahafu, nikajiona naijua dini.

Jirani yetu Zena aliozwa mara tu alipovunja ungo. Alipopata mimba aliendelea kuteka maji bombani na kukaanga vitumbua, na chakula chake kilikuwa kile walichobakiza wanaume. Uchungu ulipomshika, mtoto akakawia. Zamani watu walisema mwanamke akikawia kujifungua ana siri. Awataje wanaume aliolala nao, ndipo mtoto atoke. Tukamzunguka siku mbili. Nami, Mungu anisamehe, nilimshika mkono nikamwambia, "Taja, shoga, upone." Hospitali haikuwa mbali. Sisi tulikuwa tunasubiri jina.

Mtoto, Hamisi, alizaliwa amelegea, wala hakulia. Akatimiza miaka minne bila kusema neno. Mtaani wakamwita zezeta. Ndipo mumewe Zena, kuli wa bandarini, pamoja na mama yake, wakatuita majirani atoe talaka mbele yetu. Mtoto huyu, walisema, ndiye ushahidi wa kile Zena alichoficha.

Zena alikaa ukumbini kampakata mwanawe. Bi Mwanaisha, mkunga mzee ambaye siku ile ya uchungu tulimwita tumeshachelewa, akasimama mlangoni.

"Mlitaka majina," akasema. "Leo nataja mimi. Umri wa Zena siku ile, miaka kumi na minne. Ndoo za maji mpaka mwezi wa tisa. Makoko ya sufuria. Siku mbili kumfungia chumbani. Haya, kati ya hao, mwanamume ni yupi?"

Mama mkwe akanung'unika kwamba hayo ni mambo ya Mungu.

"Mungu hakukukataza kumpa mchuzi, mwenzangu."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe msomi wetu, mashahidi wanne uliwaona?"

Aya ile, ya anayemsingizia mwanamke zinaa bila mashahidi wanne, niliijua kwa moyo. Niliinamisha uso.

Yule mume akamchukua Hamisi mapajani kwa mkewe. Talaka haikutamkwa. Mimi nikamfundisha Hamisi Alhamdu, miaka mitatu, na alipoishika nilishukuru kuliko siku niliyohitimu.

Mwanangu, wapo watoto wazito wa akili ambao sababu yao anaijua Mola peke yake. Lakini wapo tuliowadhuru sisi, kwa kuwaoza watoto wadogo, kwa kuwanyima wajawazito chakula na mapumziko, kwa kumchelewesha mzazi mwenye uchungu. Nimezeeka, na bado wananiambia ninyamaze. Sinyamazi. Usimwoze binti kabla hajakomaa. Mjamzito apakuliwe kwanza. Uchungu ukikawia, mbebe mzazi umpeleke hospitali, usiulize siri. Na yeyote atakayemwita mama wa mtoto kama Hamisi mwenye dhambi, mwulize mashahidi wake, hata kama ni mimi.

Mola akupe ulimi wa kutaja kweli na miguu ya kuwahi. Na kila mtoto anayekawia kusema, amjaalie mtu wa kumsubiri.