Nusu Sanduku, Nusu Chumvi

Mpundu alipokuwa msichana kule Pweto, upande wa Kongo wa ziwa, mama yake alimwambia kwamba ulimi wake ungemletea kesi au ungemlisha. Kufikia mwaka 1956, akiwa mjane wa miaka arobaini na mmoja aliyehamia Nchelenge ng'ambo ya pili, ulimi huo ulikuwa umemletea kesi mbili. Zote alishinda.

Alikausha samaki kwa moshi nyuma ya soko, na kila mwezi alimtumia mama yake fedha kupitia Kampuni ya Maboti. Watu wa ng'ambo karibu wote walifanya hivyo. Unalipa shilingi zako dirishani Nchelenge, kampuni inakata moja katika kila kumi, boti linapeleka karatasi, na ndugu yako analipwa falanga za Kongo kule Pweto. Hivyo ndivyo tangazo lilivyosema. Lakini tangu Julai ndugu walikuwa wakilipwa nusu falanga, nusu chumvi, kwa sababu ghala la Pweto lilijaa chumvi iliyoingia unyevu, na mwenye kampuni, aliyekaa Kasenga, hakutaka hasara iwe yake.

Mama yake Mpundu sasa alikuwa na magunia matatu ya chumvi. Paa hakuwa nalo. Nyasi zilikuwa zimeoza, waezekaji walitaka falanga, na ilikuwa Oktoba tayari. Mvua za kwanza zilibakiza wiki tatu.

Nsama, katekista mstaafu aliyewaandikia watu wa ng'ambo barua zao, aliiandikia kampuni mara mbili kwa mwandiko mzuri sana. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili mke wake aliikuta imetumika kufungia sabuni aliyonunua katika duka la kampuni.

Mpundu hakujua kuandika. Alikwenda dirishani akamuuliza karani, Watson, yeye ni wa ukoo gani. Watson alikuwa mtu nadhifu kutoka Kafutuma, mwenye kalamu mbili mfukoni na kiti chenye mto uliofumwa na mkewe. Bila kushuku lolote akajibu kwamba yeye ni wa Mvua.

Mpundu alikuwa wa Uyoga. Pande zote mbili za ziwa, Uyoga na Mvua ni watani: uyoga hauoti bila mvua, kwa hiyo watu wa koo hizo wameruhusiwa kutukanana, kunyang'anyana vitu na, mwisho wa yote, kuzikana. Anayekasirika humlipa mtani wake kuku.

Kesho yake asubuhi Mpundu aliingia kwa mlango wa nyuma, akakaa kwenye kiti cha Watson, akausifu mto. Watson alimwomba aondoke, kisha akamwamuru, kisha akapaza sauti. Huyo alikuwa kuku wa kwanza. Siku ya pili alimwita kapaso, tarishi wa chifu. Kapaso alisikiliza pande zote mbili, akaamua kwamba utani si kesi, na akamtoza Watson kuku wa pili kwa kununa mbele ya watu.

Kufikia Ijumaa foleni nzima ilidai kuwa ya Uyoga, na siku hiyo hakuna aliyetuma hata shilingi. Hata Nsama, ambaye kila mtu alimjua kuwa wa Chui, alikohoa na kusema kwamba nyanya yake mmoja alipenda sana uyoga.

Watson alikuwa amebakiwa na kuku wawili. Akaeleza kwa upole kwamba chumvi haikuwa amri yake. Yeye ni karani tu, mwenye biro, yaani ofisi, ni muzungu wa Kasenga. Mpundu alimwamini. Alimwita karibu kama anayetaka kumfariji.

"Nasikia, mwanangu. Weye uko mutu muzuri. Lakini siku ukikufa, ni siye Uyoga tutakuzika. Na tutakuzika vile munalipa mama yangu: nusu sanduku, nusu chumvi."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Watson naye alicheka, kwa kuwakumbuka wale kuku wawili waliobaki. Kisha akaketi kwenye kigoda, maana kiti kilikuwa na mtu, akaandika barua kwenda Kasenga. Aliandika kwamba dirisha limesimama, kwamba wiki nzima wametuma fedha watu wanne tu, na kwamba ukoo wa Uyoga umekasirika. Mwenye kampuni hakuelewa habari za uyoga. Wanne alielewa.

Alhamisi iliyofuata boti lilileta tangazo jipya: anayepokea atachagua mwenyewe, falanga au chumvi. Shilingi moja katika kila kumi ilibaki palepale, na Nsama alikwisha kuanza barua ya tatu.

Watson alilibandika tangazo, akavuka soko, akachukua kikapu cha samaki bora wa Mpundu, wale wa kuuza, akakipakia kwenye boti la Pweto. Mpundu alikumbuka kwamba anayekasirika hulipa kuku. Akaenda dirishani akalipa shilingi za mama yake.

Wiki iliyofuata kikapu kilirudi kupitia dirishani kwa Watson. Ndani mlikuwa na karatasi yenye alama ya kidole gumba cha mama yake: amepokea falanga zote. Aliyekileta alisema waezekaji walianza kazi Jumanne, wakala samaki wote, na mvua imewakuta wanafunga kipande cha mwisho. Chini ya karatasi mlikuwa na mfuko wa chumvi mbichi kwa unyevu, umeandikwa jina la Watson kwa kalamu mbili, nyeusi na nyekundu.

Mpundu aliupima mfuko mkononi. Kati ya kuku aliolipwa na Watson, yeye Mpundu alikuwa amebakiwa na mmoja tu, naye anataga.

Akacheka.