Mwenyekiti Aliyeghairi Vita

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu dhiki ilipotushika. Ulikuwa mwaka ambao mvua ilikatika kabisa kule kwetu Bamba. Baba akafa, na mama akanichukua mimi na mdogo wangu akatuleta mjini, mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, chumba kimoja, mlango wa bati. Shule niliiacha darasa la nne. Nasema haya mapema, mwanangu, usije ukangoja maneno ya kitabuni. Ninayoyajua niliyajua kwa mgongo.

Juzi mlikuwa mmekaa mbele ya duka langu na simu zenu, mkimcheka yule rais wa ng'ambo. Alikuwa ametangaza kwamba atampiga jirani yake, majeshi yamekwisha pangwa mpakani, halafu asubuhi moja akasema hapana, tutazungumza. Mkacheka mpaka mkamwaga chai. "Kaufyata mkia!" mkasema. Mimi nikajifanya natafuta kitu ndani. Kicheko kile nakijua. Kilitoka kinywani mwangu kabla hamjazaliwa, na mpaka leo nikikisikia sijui niuweke wapi uso wangu.

Ujana wangu nilikuwa hamali soko la Kongowea. Nguvu nilikuwa nazo, usinione hivi. Gunia la viazi nililibeba peke yangu na maneno juu. Kundi letu lilikuwa la geti la chini, na mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Charo, mtu mfupi, mpole, mwenye kikohozi. Tulikuwa na sheria moja ambayo sijaiona kwingine: hamali akiumia, anarudishwa kwao juu ya mkokoteni, na anayeusukuma ni mwenyekiti mwenyewe. Si msaidizi wake. Yeye, mpaka mlangoni, aseme kwa mdomo wake kilichotokea.

Basi mahamali wa geti la juu wakaanza kutunyang'anya malori ya vitunguu. Lori likiingia wanalidandia barabarani kabla halijatufikia. Mchana mmoja wakammwagia mwenzetu mzigo wake kwenye tope. Mzee Charo akapanda juu ya mkokoteni akasema yametosha, kesho asubuhi tunawafuata, kila mtu aje na rungu lake. Tulishangilia mpaka wauza nyanya wakaanza kufunika bidhaa zao.

Kesho yake tukaja na marungu na vyuma. Rafiki yangu Katana alikuwa amejifunga kitambaa chekundu kichwani kama anakwenda arusini. Mzee Charo akaja mikono mitupu.

"Nimeghairi," akasema. "Nitakwenda kwao mwenyewe tuzungumze. Tugawane zamu. Lori lao, lori letu."

Labda watu wangekubali, mwanangu, na hilo ndilo linaloniuma. Niliziona nyuso zao; wengine walikuwa wameshusha pumzi. Mimi nikavuta leso aliyojitanda mama mmoja muuza mchicha, nikamtupia mzee begani.

"Jifunge basi, mwenyekiti! Ukimaliza utupikie!"

"We Karisa, haya huna?" yule mama akanikemea.

Lakini kicheko kilikuwa kimeshalipuka. "Na nazi ukune vizuri!" mwingine akapiga kelele. Mzee aliikunja ile leso polepole, akamrudishia mwenyewe, akaondoka. Kabla jua halijawa kali, mwenyekiti nilikuwa mimi.

Tukaenda. Mapigano sitakusimulia, hayana utamu wowote. Yalikuwa vumbi na mayowe, kisha jiwe likampata Katana hapa, juu ya sikio, na kila mtu akakimbia, wao na sisi. Hospitali walimshona. Alipotolewa alikuwa hai, lakini ulimi ulikuwa mzito na mkono wa kulia haukumtii tena. Na sheria ni ile ile.

Nilimlaza mkokotenini juu ya magunia matupu, nikamsukuma. Walionishangilia walianza kufuatana nami, kisha mmoja akakumbuka ana shughuli, na mwingine naye. Nilifika peke yangu. Kichochoro cha kuingilia kwao kilikuwa chembamba, mkokoteni ukakwama, gurudumu likakwaruza ukuta. Nikaurudisha, nikajaribu upande mwingine, ukakwama tena. Ikabidi nimbebe mgongoni, kama gunia. Mama yake alikuwa akipepeta mchele.

"Karibu," akasema, kabla ya kuinua macho. Kisha akainua.

Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nikasema, "Mama, ameumia kazini."

Kazini! Hata hapo, mwanangu, nilidanganya. Yule mama hakulia. Aliweka ungo chini akaniuliza, "Nani aliwatuma?" Nikautazama ule ungo.

Mzee Charo alikuwa amerudi kuwa hamali wa kawaida, anasukuma matikiti na kikohozi chake. Nilimfuata.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nimempeleka Katana kwao."

"Mkokoteni ulipita?"

"Haukupita."

"Najua," akasema. "Jioni ya siku niliyotangaza vita, nilizunguka nyumba zenu zote nione nitapita wapi. Kwa kina Katana hapapiti. Kwenu pia hapapiti. Mama yako alinikuta nimesimama kichochoroni, akanipa maji, akaniuliza natafuta nini. Ningemwambia nini, Karisa?"

Akainama, akaendelea na matikiti yake. Hakunitukana. Angenitukana ningelala vizuri zaidi. Baadaye tukagawana zamu na geti la juu, lori lao, lori letu, vilevile alivyotaka yeye. Nilimwamkia kila tulipokutana mpaka alipofariki, na kila mara aliniitikia, lakini neno la kuomba msamaha sikuthubutu kulitoa mbele za watu, pale pale nilipomtupia leso. Nilikuwa na kiburi. Ninacho bado.

Mwanangu, siasa za wakubwa sizijui. Wako wanaoghairi vita kwa sababu wamemwona adui ana nguvu. Wako wanaotazama kura, na wako waliohongwa. Sikatai. Lakini wako pia ambao makofi yalipokwisha walikwenda wakaangalia ni nani atarudishwa, na kwa mlango gani. Wewe uliye nje huwezi kujua huyu ni yupi. Ninalojua ni hili: kiongozi anayetaka kurudi nyuma humwogopa adui kidogo tu. Anatuogopa sisi tuliomshangilia jana. Ukimzomea aliyerudi, unamfundisha atakayekuja asirudi kamwe.

Basi ukali wako uutoe mapema, siku anapotangaza. Hapo mbane, mwulize maswali mpaka ajute kusimama. Akighairi, mwachie njia. Na mwenzako akianza kumcheka mkanye hapo hapo, maana siku ile ni mwanamke mmoja tu aliyenikanya mimi, na mmoja hakutosha.

Mungu akuweke, akukuze, akupe viongozi wanaoona haya, na wewe akupe kifua cha kusimama peke yako wenzio wanapocheka.

Mimi leo nina nyumba ya mawe hapa mtaa wa Shika Adabu, vyumba vya kupangisha nyuma yake, duka hili la misumari na simiti, pikipiki mbili zilizo barabarani, na shamba la mihogo na mbuzi kule Bamba. Vyote ni jasho langu. Na kila mchana nina mgeni mezani, Katana, ambaye mke wangu humpakulia wali, na mimi humkatia nyama.