Sista Agnesi Aliposali Krismasi Maskati

Sisi tuliokulia Ibra, mji wa Omani, wakati Ramadhani ilipokuwa ikiangukia Disemba tulikujua kufunga kwa raha. Mchana mfupi, baridi inakuingia mpaka mifupani, na ikifika alasiri uchochoro mzima unanukia sambusa, vitumbua na uji wa pilipili manga. Watoto tulifunga nusu siku, kisha tukacheza nage kando ya mitende mpaka kiu iturudie. Wanangu leo wanafunga chini ya mablanketi, simu mkononi, na wakiamka wanasema saumu nzito.

Kwetu tulitokea Kigoma: ndani Kiswahili, mlangoni Kiarabu. Jirani yetu alikuwa Sista Agnesi, muuguzi Mkristo wa Bukoba aliyefanya kazi hospitali. Akipita lazima aingie kumwamkia bibi yangu, "Shikamoo, mama," na Bibi hamwachi aondoke mikono mitupu. Yeye ndiye aliyemuuguza mdogo wangu Nasri mpaka siku aliyofariki.

Baada ya maziko yale Baba aliacha kuswali. Hakugombana na mtu. Kufunga alifunga, lakini adhana ikisikika yeye hubaki amekaa, anaiangalia mikono yake. Msala wake Bibi aliukunja akauweka juu ya kabati, na kila siku akaufuta vumbi.

Krismasi moja, katika Ramadhani hizo za Disemba, gari la kumpeleka Sista Agnesi kanisani Maskati liliharibika. Bibi akamwita Baba.

"Said, mpeleke Sista kwenye sala yake. Usiku aliomkeshea mwanao hatuna cha kuulipia."

Baba akachukua ufunguo. Mimi, Salha, nikaparamia kiti cha nyuma, na siku hiyo nikajikaza kufunga kutwa.

Kanisani palijaa watu wa kila lugha, na zamu ya ibada yao ikafika alasiri. Tukangoja nje. Watu walipotoka, Sista hakuonekana. Baba akanishika mkono tukasogea mpaka mlangoni. Tukamwona amepiga magoti peke yake, anasema kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayezungumza na mzee wake. Tukalisikia jina la Nasri. Mkono wa Baba ukanibana.

Njiani mji ukabaki nyuma na milima ikaanza kugeuka zambarau.

"Sista," Baba akasema, "umemtaja mwanangu."

"Kila Krismasi namtaja, Baba Salha. Na wewe nakutaja."

"Mimi unaniombea nini?"

"Naomba urudi kuzungumza na Mungu. Hata kama ni kwa kumlalamikia."

Tulipokaribia mji wa Bidbid, adhana ya magharibi ikasikika kutoka kwenye msikiti mdogo wa kando ya njia, naye akasimamisha gari. Sista akafungua mkoba wake, akatupatia tende na vipande vya keki ya Krismasi. Mwenyewe hakuwa ameionja. "Nitakulaje mbele ya mtoto aliyefunga?" akasema. Baba akala tende moja, akautazama mlango wa msikiti kwa muda, kisha akavua viatu akaingia.

Tukamngoja garini, kioo wazi, upepo unaleta harufu ya ubani na vumbi lililopoa. Wanaume wakatoka, wakaondoka, na taa ya nje ikawashwa. Baba alitoka wa mwisho, uso umelowa.

"Twendeni," akasema. "Mama atakuwa na wasiwasi."

Tulipofika nyumbani aliuchukua msala wake juu ya kabati akaswali isha. Bibi aliingia jikoni, tukamsikia anapenga kamasi kwenye mtandio wake.

Siku hizi mtaani kwetu kuta zimepanda na mageti yanafunguka yenyewe. Aliye ukuta wa pili simjui jina. Disemba simu yangu hujaa picha za salamu zilizotumwa na watu nisiowakumbuka. Sista Agnesi alistaafu akarudi kwao Bukoba. Juzi Baba aliniomba nimpigie, wakazungumza mpaka chai yake ikapoa: magoti ya mmoja, sukari ya mwingine, mvua za huko. Wanangu wakauliza kwa Kiarabu, ni nani huyo, na ni wa kabila gani.

"Jirani," nikawajibu.

Wakaendelea kunitazama, wakidhani sijamaliza.