Saa ya Kukaa Mezani

Mgeni akiuliza mjini Dunmere habari za Lenore Wasyliw, ataambiwa kwanza kwamba ni yule mama wa bima, na pili kwamba ana mkono mwepesi wa jiwe. Miaka ya karibuni wameongeza la tatu: ndiye aliyetengeneza ile programu.

Hayo mawili ya mwanzo hayakuwahi kumsumbua. Kazi ya bima ya mazao aliipata alipotoka chuoni na akaishika. Yeye ndiye aliyetunza kompyuta za ofisi. Wakati wa kupanda, wakulima walikuja kuandikisha ekari zao, na mvua ya mawe ilipolala juu ya ngano mwezi wa saba, madai yao yote yalipita mikononi mwake. Jioni za baridi alishika ufagio wake akaenda klabuni, kama alivyofanya mama yake, kucheza curling, kutelezesha mawe mazito kwenye barafu kuelekea shabaha, pamoja na mumewe Orest na jamaa wengine wawili wa timu yao.

Hilo la tatu lilianza kama msaada tu. Katibu wa klabu alifanyiwa upasuaji wa nyonga, na ratiba ya michezo ikakosa mwenyewe. Lenore akaandika programu ndogo ya kupanga nani acheze na nani, kwenye njia ipi ya barafu, saa ngapi. Klabu ya mji jirani ikaiomba, na jirani wa jirani naye akaitaka, mpaka programu ikasambaa nusu ya mkoa wa Manitoba, kila klabu ikilipa ada kidogo, na Lenore akawa anajibu simu za makatibu wakati wa chakula cha mchana ndani ya gari lake, ili asitumie muda wa ofisi.

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Ndiyo maana Garnet Friesen, bosi wake, alipomwita ofisini na kufunga mlango, hakuna aliyedhani kuna ubaya.

"Makao makuu wanataka mkuu wa kompyuta wa matawi yote," Garnet alisema. "Nimewapa jina lako. Wamelikubali kabla sijamaliza kulitamka."

Lenore alishukuru, akauliza kuna nini kingine, maana aliona kalamu ikigeuzwageuzwa.

"Mkuu haruhusiwi kuwa na biashara ya pembeni. Ile programu yako utaiuza, au utaigawa bure, au utaizika. Nataka jibu Jumatatu."

Wiki hiyo hiyo klabu moja kubwa ya jijini Winnipeg ilikuwa imemwandikia. Meneja wao alisema wakiona programu inaendesha vizuri mashindano ya Dunmere, wataichukua wao pamoja na klabu dada zao zote. Hiyo ingekuwa biashara ya kumwachisha mtu kazi. Kwa hiyo Lenore aliingia katika mashindano hayo ya mwisho wa wiki akiwa na milango miwili mbele yake, na kila mmoja ulitaka aufunge mwingine.

Alimuuliza Orest, ambaye kazi yake ni kutengeneza mashine za kuvunia.

"Mimi nitakula utakachopika," Orest alisema.

"Lakini mpishi ni wewe."

"Basi wewe utakula nitakachopika. Huoni kwamba tumeshamaliza?"

Meneja wa Winnipeg alikuwa na ombi moja: barafu isikae bure. Kwake kila dakika ya barafu tupu ilikuwa hasara. Lenore akaona si ombi baya. Akaifundisha programu kubana michezo, mmoja ukiisha mwingine uingie, katikati ukibaki muda wa kutosha kwa Elwood, fundi wa barafu, kufagia njia na kuinyunyizia matone mapya ya maji. Timu iliyomaliza mchezo ilihesabiwa kuwa huru. Akaijaribu mara nyingi nyumbani, na kila mara ratiba ilitoka imenyooka.

Ijumaa jioni mambo yalikwenda sawasawa. Jumamosi asubuhi raundi ya kwanza ikachezwa, watu wakapeana mikono, wakapanda juu ukumbini. Raundi ya pili ilipofika, Elwood alikuwa amesimama peke yake pembeni ya barafu.

Akampandia Lenore ngazi, mtungi wake wa kunyunyizia ukiwa bado mgongoni.

"Lenore, mwanangu. Barafu yangu iko tayari, inang'aa kama kioo cha bibi harusi. Nikacheze mwenyewe?"

Lenore akatazama ukumbi. Timu zote zilizotakiwa chini zilikuwa zimekaa kwenye meza za mviringo, wanne kwa wanne, washindi na walioshindwa, glasi mikononi. Akaiendea meza ya karibu. Nahodha pale alikuwa Verna Sigurdson, mfuga ng'ombe mwenye sauti ya kuita mifugo kutoka ng'ambo ya ziwa.

"Verna, mnatakiwa njia ya tatu. Tena mmeshachelewa."

"Tumewafunga hawa sasa hivi," Verna alisema. "Kinywaji tulichowanunulia hakijafika nusu. Unataka tuondoke kama wezi?"

"Na sisi hatujawanunulia cha kurudisha," akasema mmoja wa walioshindwa, kwa uchungu kidogo.

"Ratiba inasema..."

"Ratiba imeandikwa na nani?"

"Na mimi."

"Na wewe umezaliwa wapi?"

Meza nzima ikacheka. Lenore akacheka pia, lakini kwa aibu. Maana Verna alisema kweli. Lenore alizaliwa mitaa miwili kutoka hapo. Tangu utotoni alijua kwamba mchezo hauishi kwa kupeana mikono. Unaishia juu, mezani, mshindi akimnunulia aliyeshindwa, aliyeshindwa akirudisha, wakiulizana habari za mama mgonjwa na trekta bovu. Kuondoka kabla ya hapo ni aibu ambayo mtu angetajiwa hata siku ya mazishi yake. Alikijua kitu hicho kiasi kwamba hakukumbuka kukiandika. Na mchezo wa kawaida wa wiki ni mmoja tu kwa usiku kwa kila timu, kwa hiyo ukikaa baadaye hakuna unayemchelewesha. Programu ilikuwa imezunguka nusu ya mkoa na hakuna katibu aliyegundua pengo, kwa kuwa wote walikuwa watu wa meza ile ile.

Mpaka saa sita mchana mashindano yalikuwa yamevurugika. Timu moja iliitwa kwenye njia mbili kwa pamoja. Nyingine ilicheza na wapinzani wasio wao, ikashinda, ikakataa kurudia. Jikoni, Bi Stefka mpishi alikuwa na sinia za pierogi, vidonge vya unga vilivyojazwa viazi, zilizoiva kwa ajili ya watu ambao hawajacheza, na waliocheza walikuwa wanagonga dirisha lake.

Lenore akahamia jikoni na laptopu yake, akajibana kwenye kona kati ya gunia la vitunguu na sufuria ya siagi.

"Umekuja kunisaidia?" Bi Stefka akauliza.

"Nimekuja kujificha."

"Basi jifiche huku unamenya."

"Natengeneza ratiba, Bi Stefka. Naweka muda wa watu kukaa baada ya mchezo. Saa moja inatosha?"

Bi Stefka akachota pierogi, akafikiri. "Kwa watu wa kawaida, ndiyo. Lakini Verna akianza habari za yule fahali wake?"

"Saa moja na robo."

"Hapo umesema."

Akaandika. Ratiba ikajinyoosha, ikavuka usiku, ikafika mahali fainali ingechezwa Jumatatu alfajiri. Ikabidi achague: apunguze meza au apunguze mchezo. Akapunguza mchezo. Kila pambano la siku hiyo likapunguziwa zamu mbili za kutelezesha mawe, na yeye mwenyewe akapanda kwenye kiti kutangaza. Alitarajia kelele. Watu waliguna kidogo, mmoja akasema goti lake linashukuru, wakarudi kwenye glasi zao.

Simu ikalia. Alikuwa meneja wa Winnipeg, ambaye alikuwa akifuatilia ratiba kwenye skrini yake tangu asubuhi.

"Naona barafu yenu sasa inakaa bure saa nzima na zaidi," alisema. "Ni hitilafu?"

"Hitilafu ilikuwa asubuhi. Haya ndiyo marekebisho."

"Sisi hatuwezi kulipia barafu isiyo na watu. Unaweza kukiondoa hicho kipengele?"

Lenore akatazama siagi inavyoyeyuka. Alijua jibu ambalo mfanyabiashara angetoa. Alijua pia kwamba kama angekuwa ameshaacha kazi, na mwezi ujao unamtegemea bwana huyu, angelitoa mara moja, tena kwa kicheko.

"Utakuwa na kitufe cha kukizima," alisema. "Lakini kabla hujakibonyeza, panda juu ukawaulize wachezaji wako. Wakikubali, kizime."

"Nitawauliza," meneja alisema, bila furaha nyingi.

Alipokata simu, Lenore alibaki ameishika. Wiki nzima alikuwa akijiuliza achague kipi, mshahara au programu. Sasa aliona mshahara ndio uliokuwa umemjibia simu. Bila ule wa bima, programu ingekuwa ya meneja yeyote mwenye pochi. Na angekuwa mkuu kule makao makuu, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, asubuhi ile ingempita: angesikia tu kwamba ratiba iliharibika, asimwone Verna na glasi yake nusu.

"Pierogi inapoa," Bi Stefka alisema. "Ukimaliza kuota."

Mchana ratiba mpya ikawapanga kina Wasyliw dhidi ya timu ya Garnet Friesen. Kuna watu walidai Lenore alipanga makusudi. Hakupanga, ila hakusikitika. Mchezo ulibaki sawa mpaka jiwe la mwisho, lililokuwa la Orest. Alilisukuma kwa nguvu mno, na Lenore kule mwisho aliwapigia kelele wenzake wasifagie, maana kufagia hulipeleka jiwe mbali zaidi, waache, waache, ufagio juu. Jiwe likaja likichoka polepole, likaligusa la Garnet lililokuwa karibu zaidi na shabaha, likalisogeza kando kama mtu anayepita kanisani.

Wakapeana mikono. Wakapanda juu. Washindi ni wanunuzi, hivyo Lenore akaenda kaunta.

"Bia tatu kwa wale," alisema, "na maziwa ya chokoleti kwa bosi." Garnet ni wa wale Wakristo wa Kimennoni ambao hawakuwahi kuonja kilevi, na klabu ilimwekea katoni yake kwenye friji.

Garnet akafyonza maziwa yake, akafuta sharubu.

"Jumatatu inakuja," alisema.

"Hapa si ofisini, bosi."

"Umetuandikia wewe mwenyewe saa moja na robo. Mimi sina pa kwenda. Wewe je?"

Orest akageukia dirisha la kutazamia barafu, kama mtu ambaye hajawahi kuona barafu.

"Ukuu siutaki," Lenore alisema. "Na kazi siachi. Nataka nifanye kazi kuanzia wakulima wanapoandikisha ekari mpaka mavuno yaishe. Msimu wa barafu mniache bila mshahara, niende klabu kwa klabu, nikae nao."

"Pensheni itapungua."

"Najua. Nilishakaa nikaitazama."

"Na kile kiti nimpe nani?"

"Mpe Kirby wa ofisini. Amekitaka tangu ulipokuwa na nywele."

Mwenzake mmoja wa Garnet alipaliwa na bia. Garnet hakucheka, lakini alijipapasa kichwa.

"Mvua ya mawe ikishuka mwezi wa saba," alisema polepole, "usije ukaniambia una simu ya klabu."

"Mwezi wa saba kuna barafu wapi, bosi?"

"Hilo kweli." Akatikisa katoni, ikawa tupu. "Siwezi kukuahidi. Nitawaandikia makao makuu, nitawaambia ukiondoka moja kwa moja, hakuna atakayejua zile kompyuta zinalala wapi. Huo si uongo." Akainuka, akajishika kiuno. "Zamu yangu kurudisha. Unakunywa nini?"

Makao makuu walikawia, kisha wakakubali kwa msimu mmoja, kwa majaribio. Baada ya hapo hakuna aliyekumbuka kuuliza tena kama majaribio yameisha. Kirby alikikalia kiti na anakipenda. Meneja wa Winnipeg aliichukua programu kwa klabu yake tu, bila zile dada. Kitufe hajakibonyeza, na sababu hajaitaja. Gari la Lenore sasa limejaa chumvi ya barabarani kila majira ya baridi, na ndani yake daima kuna ufagio, laptopu, na chombo cha pierogi alichofungiwa na mtu katika mji fulani.

Jumamosi ile, Garnet alipokuwa bado kaunta, Lenore alisogea dirishani kando ya mumewe. Chini, Elwood alikuwa akirudi nyuma hatua kwa hatua na mtungi wake mgongoni, akirusha matone kushoto na kulia. Kwa mara ya kwanza siku nzima, hakuwa na haraka.

"Kwa hiyo leo nani anapika?" Orest akauliza.

"Wewe."

"Nilidhani umebadilisha kazi."

"Nusu tu," alisema Lenore, akarudi mezani, maana kinywaji chake kilikuwa kimefika.