Reki ya Mgeni Rasmi

Marieta Keraryo wa Mugeta, ambaye wengi humwita Mama Kwangu, hajawahi kuitwa meza kuu katika shughuli yoyote, na huenda hiyo ndiyo sababu ng'ombe wake hula vizuri kiangazi. Mwaka jana nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha wafugaji. Kila uamuzi wa kipumbavu uliopitishwa pale kwa kunyoosha mikono niliuandika mwenyewe, kwa hiyo haya ninayosimulia sikuyaokota barabarani.

Mama huyu ana ng'ombe watatu wa maziwa. Alikuwa nao watano. Kiangazi kimoja malisho yalikauka hadi watu wakawa wanabomoa mapaa ya nyasi kulisha mifugo, na wawili wakamfia zizini wakiwa wamepiga magoti. Tangu hapo, kila Juni, yeye hukata nyasi za ekari zake mbili, huzianika juani, huzishindilia katika sanduku la mbao kupata marobota ya hei, kisha huyafungia bandani. Kazi iliyomshinda ilikuwa kukusanya. Kwa reki ya mkono alitumia siku nane, na nyasi za siku ya nane zilikuwa zimepauka kiasi kwamba Tausi, ng'ombe wake mkubwa, alizinusa tu akageuza kichwa. Mwaka jana Tausi alikuwa na mimba. Marieta alijua kwamba hei mbovu ingemrudisha kulekule kwenye magoti.

Basi wafadhili walipoahidi kikundi reki moja kubwa ya kukusanyia nyasi, tukiambiwa tuichague wenyewe, Marieta alikuja mkutanoni na kamba ya mkonge yenye mafundo.

Mwenyekiti wetu, Mzee Mseti, alikuja na picha kwenye simu. Ilikuwa reki nyekundu ya magurudumu kumi yenye meno, imetandaza mabawa, inavutwa na trekta katika nchi isiyo na jiwe wala kichuguu. Simu ilizungushwa mkono kwa mkono kama picha ya bibi harusi. Watu wakapiga makofi.

Marieta akasimama. Alikuwa amepita kwenye boma la kila mwanachama akipima malango katika ua wa minyaa. Akainua kamba. "Fundo hili ndilo lango pana kuliko yote tuliyonayo. Mashine hiyo hata ikikunjwa haipiti hapa. Trekta hatuna, tunaazima Bunda, na likija linakuja siku linayotaka lenyewe. Na yale magurudumu yanakwangua chini. Mashamba yetu yana mawe na mavi ya ng'ombe, vyote vitaingia kwenye hei. Tuombe reki za kukokotwa na maksai, hata nne. Maksai kila mtu anao."

"Mama Kwangu," akasema Mseti huku akitabasamu kwa wasikilizaji, "karne hii unatuletea habari za maksai? Wafadhili waje wapige picha mkia wa ng'ombe?"

Ukumbi ukacheka.

"Tulikuwaga tunacheka hivihivi kabla ya kile kiangazi," akajibu Marieta. "Picha haitafunwi, Mwenyekiti."

"Kaa chini, mama. Tumekusikia."

Katika mikutano yetu, maneno hayo maana yake ni kwamba hakuna aliyesikiliza. Mikono ikanyooshwa. Wa kwangu pia.

Marieta hakupoteza muda kununa. Aliuza beberu mmoja, akaenda Nyasura kwa fundi Amini, mchomeleaji ambaye hana cheti cha kutundika ukutani ila ana masikio.

"Meno mangapi, mama yangu?"

"Kumi na nane. Yapinde yawe kama mundu, ncha zisiguse chini. Nataka nyasi, udongo ninao tayari."

"Na ikijaa?"

"Nipe mkono wa kuvuta, meno yanyanyuke, mzigo udondoke, tuendelee. Upana uwe fundo hili, la lango langu."

Amini akaishika kamba, akacheka. "Wateja wangu wote wangekuja na kamba, mimi ningelala usingizi." Akatengeneza reki ya vyuma vinavyonesa, juu ya magurudumu mawili ya pikipiki iliyokufa.

Mashine ya kikundi iliwasili Juni. Je, ilipelekwa shambani? Ilifunikwa turubai nyumbani kwa mwenyekiti. Kamati iliamua kwamba hakuna wa kuigusa kabla mgeni rasmi hajakata utepe, na kwamba wanachama wote wakate nyasi zao Jumatatu, ili akija Alhamisi aone mashamba yote yakiwa tayari. Alhamisi mgeni akatuma ujumbe kwamba amepata dharura, atakuja Jumanne. Kamati ikatoa amri nyingine: nyasi zibaki zilipo, zisije zikakusanywa mashine ikakosa kazi mbele ya mgeni.

Nyasi zilikuwa zimeshakauka. Zilikuwa zinaita mkusanyaji. Watu wazima, wenye wake, watoto na ng'ombe, walikaa wakizitazama zikiunguzwa na jua kwa sababu mtu mmoja wa mjini hajamaliza shughuli zake. Mimi mwenyewe nilitii. Nilikuwa katibu.

Marieta aliwafunga maksai wake nira Ijumaa asubuhi, umande ulipoondoka. Jumamosi mchana ekari mbili zilikuwa bandani, kijani bado, zikinukia kama majani ya chai. Jumamosi jioni mvua ikapiga kutoka upande wa ziwani. Kufikia Jumatatu nyasi zetu zilikuwa nyeusi na zinateleza.

Jumanne alfajiri Mseti alibisha kwa Marieta. Mimi nilikuwa nyuma yake na daftari langu.

"Mama Kwangu, okoa heshima ya kikundi. Toa hei yako, itandaze shambani, tubomoe ua kidogo mashine ipite mara moja tu mbele ya mgeni. Baadaye utairudisha."

Marieta alikuwa akikamua. Hakuinuka. "Nitoe chakula cha Tausi mahali pakavu, nikitupe kwenye tope, ili mgeni aone kinavyokusanywa?"

"Ni nusu saa tu, mama."

"Na tumbo la Tausi nalo lisubiri nusu saa?"

"Tutakufuta uanachama!"

"Futeni. Tausi hali kadi." Akaendelea kukamua.

Mgeni alifika saa nane mchana. Kwa kuwa mashine haikupita lango la mtu yeyote, ilizinduliwa kwenye uwanja wa mpira. Ilikusanya vumbi na chupa za plastiki, ikazipanga mstari mzuri sana. Mgeni akapiga makofi. Mimi nilisoma risala kwamba mfugaji wa Mugeta amekombolewa, sauti haikutetemeka, na hilo ndilo linalonichefua zaidi nikikumbuka.

Mashine bado iko chini ya turubai. Kuku wa mwenyekiti wanaatamia humo.

Septemba mbavu za ng'ombe wangu zilianza kuhesabika. Nikapanda baiskeli hadi kwa Marieta. Tausi alikuwa amezaa jike, na ndama alikuwa akirukaruka uani kwa kiburi cha aliyeshiba. Mama akanitazama tangu miguuni hadi kichwani.

"Katibu, umekuja na risala au na kamba?"

"Na kamba, mama. Ukatibu nimeuacha."

Akafungua banda, akanipa marobota mawili, akanisaidia kuyafunga. Nikajipa moyo kumwomba reki yake Juni ijayo.

"Utaipata," akasema. "Kapime lango lako kwanza."