Mgomba Tuliouvika Sanda

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Sauti hakunigusisha mashine yoyote. Alinikalisha kwenye chumba kitupu, akanivisha hedifoni, akaniambia nisikilize kimya mpaka nikichoke. Kila mahali pana kimya chake, alisema, na fundi sauti asiyekirekodi hicho hajafanya kazi. Ninyi wa siku hizi mnaorekodi tamthilia kwa simu hamuijui adha hiyo. Hongereni.

Nilianzia redioni, nikahamishiwa runinga, nikatumikia wakuu wapole na wakuu wenye midomo michafu. Lakini kazi ninayoulizwa mpaka leo ni ile ya Lushoto. Mwongozaji alikuwa ameigeuza tamthilia riwaya moja kongwe ya Kiingereza, ya mke anayefariki kijana na mume asiyekubali kwamba amekufa. Wazungu wameiweka kwenye runinga mara chungu nzima, naye alizitazama zote. Akataka ukungu, baridi na jumba la kale la mawe, akavipata vyote kwenye milima yetu. Mke aliigizwa na Zawadi, binti wa hapo hapo, yatima aliyelelewa na shangazi yake, Bi Mwanaidi.

Kosa lilikuwa kaburi. Mwongozaji hakutaka la maboksi. Akachimbisha la kweli kwenye mteremko nyuma ya jumba. Ukungu ukashuka, kamera ikawa haioni kitu, kazi ikaahirishwa na shimo likalala wazi. Asubuhi Mzee Shekiondo, mlinzi wa jumba, alikuja amenuna. Alisema kwao kaburi likishachimbwa haliachwi wazi wala halifukiwi tupu. Likikosa mtu, huzikwa mgomba badala yake. Mwongozaji akamwambia kwa heshima zote kwamba akimaliza kupiga picha atazika hata shamba zima la migomba. Kwanza Zawadi alale mle ndani, apigwe picha kutoka juu.

Nikaomba nirekodi kimya cha pale. Watu wote wakasimama, midomo imefungwa. Zawadi alikuwa ndani ya jumba, anapakwa poda. Nikashusha maiki shimoni kwa fimbo yake ndefu. Nikasikia mtu anapumua. Kisha sauti ya Zawadi, taratibu, kama anaongea na mtu wa chumba kimoja.

"Nifunikeni. Nasikia baridi."

Niliogopa, sifichi. Nikampa Mwongozaji hedifoni, nikairudisha nyuma ile sauti. Alisikiliza, akazivua polepole, akasema nifute, halafu akaagiza Zawadi aitwe. Bi Mwanaidi, aliyekuwepo kama mmoja wa waombolezaji wa tamthilia, akaninyang'anya hedifoni akasikiliza mwenyewe.

"Limeshamjua," akasema. "Mtoto wangu haingii humo."

Hakubishana na mtu. Alikwenda akakata mgomba kwa mkono wake, akauvika sanda, akauita Zawadi, akaulilia. Mzee Shekiondo alikuwa ameeleza kwamba mgomba usioliliwa kwa dhati haupokelewi. Wanawake wenzake wakaupokea msiba, na Mwongozaji, mtu wa ajabu yule, akaashiria kamera ziwashwe. Kile ndicho kilio mlichokiona kwenye runinga mkalia nacho. Shimo lilipojaa nilirekodi tena, nikasikia upepo tu.

Sasa nimestaafu, niko Bungu na kabichi zangu. Watu huniuliza kama naamini mambo hayo. Nawajibu kwamba mimi ni fundi sauti, nasema nilichosikia. Zawadi yu hai, ana watoto, jina limekua. Mwaka jana aliniomba nimsindikize kwa shangazi yake, maana kwenda peke yake alikuwa hawezi tena. Tulimkuta Bi Mwanaidi barazani anachambua maharage. Zawadi akapiga goti, akamwamkia. Hakuitikiwa. Akarudia, "Shikamoo, shangazi." Yule mama akanigeukia mimi, machozi yanamchuruzika.

"Mwambie asiniamkie. Nilimzika mwenyewe. Nikimwitikia, lile kaburi litajua nililidanganya."

Zawadi alikuwa palepale, goti chini, anasikia kila neno. Nikamwambia hivyo hivyo.