Ni mimi niliyesema wana mapanga

Admin, kama utaweka kisa hiki, ficha jina langu na ufiche hata la mtaa. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, naishi Butembo, nina watoto wanne na ninauza samaki wabichi wanaotoka ziwani. Mume wangu ananunua kakao upande wa Kamango, anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Nimesoma visa vingi hapa na nimewatukana wenye visa hivyo kimoyomoyo. Leo ni zamu yangu, nitukaneni tu, ila mnisome mpaka mwisho.

Vijana walitangaza ville morte, siku mbili bila duka kufunguliwa, kuwalilia watu waliochinjwa na waasi kwa mapanga upande wa Beni. Sikukataa, na mimi niliwalilia. Lakini beseni langu lilikuwa limeshafika tangu alfajiri, na samaki hangoji matanga yaishe. Nikafunga mlango wa mbele, nikauza kwa mlango wa nyuma, mteja mmoja mmoja. Saa nne ya asubuhi filimbi zikalia uani. Wakaingia vijana saba au nane, na mbele yao alikuwa Kasereka (si jina lake), kijana wa miaka ishirini. Mama yake ninaimba naye kwaya moja. Huyo kijana nilimbeba mgongoni akiwa mchanga.

"Mama, batu banakufa na wee unauzisha?" aliniuliza, akalipiga beseni teke. Samaki wote chini, kwenye tope.

Nilikasirika sana. Niliingia chumbani nikampigia simu polisi mmoja wa kituo cha karibu, mteja wangu, mtu wa mkoa mwingine ambaye sisi tulimwita kwa cheo chake, Adjudant. Sasa kuna jambo ambalo kila mtu hapa kwetu analijua ingawa hatulisemi. Ukiwaambia polisi umeibiwa, wanakuambia ngoja. Ukiwaambia vijana wanakusumbua, wanakuambia njoo bureau, ofisini kwao, uandikishe. Ukisema mapanga, wanakuja. Jirani yangu aliwahi kusema hivyo kwa ugomvi wa mbuzi, wakaja mbio, na mambo yakaishia kwa kicheko. Basi na mimi nikasema, "Adjudant, kuja mbio, beko na mapanga."

Alifika haraka kuliko siku zote, peke yake. Vijana wakatawanyika. Kasereka alibaki uani, nadhani kwa sababu alijua ni kwangu na hapo hakuna wa kumdhuru. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nimeuacha wazi kidogo. Adjudant alikuwa anahema, bunduki mbele, uso umejaa jasho. "Tupa panga chini! Tupa panga!" Kasereka alimwangalia asielewe. Mikono yake ilikuwa mitupu, filimbi tu ndiyo ilining'inia shingoni. Ningeweza kutoka na kusema hakuna panga, nilidanganya. Muda huo nilikuwa nao, siwafichi. Nikaona aibu, nikanyamaza. Kijana akageuka akimbie, na risasi ikampiga mgongoni. Alianguka katikati ya samaki wangu na hakuamka.

Watu walimpiga Adjudant nusura wamuue, simu yake wakaipondaponda, mpaka wenzake wakaja kumchukua. Tangu hapo mji mzima unabishana. Redioni mama mmoja alisema, "Banauwa batoto betu kusudi banajua hapana mutu atabauliza. Angepiga juu, ao kwa muguu." Baba mmoja akamjibu, "Lakini kama bamemuambia kuko mapanga? Panga inafanya nini, sisi bote tunajua. Alipashwa kungoja bamukate?" Wengi hawamwamini Adjudant. Wanasema neno panga alilitunga mwenyewe ili apate kisingizio. Adjudant amesema kuna raia aliyempigia simu, lakini hakumtaja. Sijui kwa nini ananificha. Kila asubuhi mbwa akibweka nadhani wamenifuata.

Mume wangu peke yake anajua. "Funga kinywa," aliniambia. "Bakijua, bataunguza nyumba na batoto ndani. Na risasi haikutoka kwa simu yako. Mutoto alikuwa anakimbia, anaonyesha mugongo. Polisi hakukuwa na macho?" Kuna siku naona anasema kweli. Mtu asiye na kitu mkononi, tena anakimbia, hakustahili risasi hata kama ningesema mapanga mara mia. Halafu nakumbuka lile jasho usoni pa Adjudant. Ule woga nilimpa mimi.

Kesi ya Adjudant itasikilizwa hadharani, uwanjani, mji wote ukitazama. Wanasema anaweza kupewa hukumu ya kifo. Jumapili baada ya misa mama yake Kasereka alinishika mkono. Amekonda, pete inamtoka kidoleni.

"Dada, wee ulikuwa pale," aliniambia. "Niliandikisha jina yako kwa batémoins, bale mashahidi. Utasema tu kama mutoto yangu hakukuwa na panga. Wee banakuamini."

Nikamjibu, "Ndiyo, dada."

Na ni kweli, hakuwa na panga, hilo naapa mbele ya Mungu. Lakini jaji hawezi kukosa kuniuliza kama najua neno hilo lilitoka wapi. Nikisema, Adjudant huenda akapona, na watoto wangu sijui watalala wapi. Nikidanganya, mtu anaweza kufa kwa uongo wangu wa pili.

Jana mama yule aliniletea kikwembe, yaani kitenge, amekata kitambaa kimoja na chake ili tuvae sawa, nikae naye mstari wa mbele. Kiko hapa kitandani, nimeshindwa hata kukikunjua. Kesi ni Jumatano. Ninyi mnaonisoma, na zaidi ninyi mliozika mtoto, niambieni: huyu mama nimwambie kabla hajanivalisha kikwembe chake, au asikie uwanjani pamoja na mji mzima?